Kiti cha Pembeni

Kosa langu la kwanza katika chuo chetu cha jamii, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, lilikuwa kubandika karatasi ukutani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa mwalimu wa kompyuta ambaye hakuna aliyemfundisha kompyuta, na niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa njaa. Mkuu wa chuo alikuwa ameniomba nimwandikie mpango wa miaka kumi. Niliuandika kwa siku tisa. Nilichora jedwali kwa rula: majina ya walimu sita upande wa kushoto, miaka kumi juu, na mbele ya kila jina mstari mnene uliokwenda mpaka mwaka ambao, kwa hesabu yangu, mwalimu huyo angeacha kazi. Halafu, kwa kuwa sikujiamini, nikaubandika nje ya mlango wa ofisi siku ya Ijumaa ili walimu wenyewe wanisahihishe. Nikaenda nyumbani nimetulia, jambo lililokuwa nadra kwangu.

Mtu ambaye hajaishi Dzaleka ataona karatasi tu. Lakini kambini mtu akiona karatasi ukutani yenye majina na miaka, hasomi kichwa cha habari. Anatafuta jina lake. Tumezoea hivyo: majina ya waliokubaliwa kusafiri kwenda nchi ya tatu hubandikwa, majina ya walioitwa kwenye mahojiano hubandikwa, na watu hutembea na kidole juu ya orodha huku wakipumua taratibu. Jumamosi saa nne asubuhi ukuta wetu ulikuwa umezungukwa. Saa sita habari ilikuwa imefika mpaka upande wa Warundi kwamba chuo kimepata orodha ya walimu na mwaka ambao kila mmoja ataondoka Malawi.

Niliyakumbuka haya mwezi uliopita, tulipokaa kilio cha Mama Prefe, yule mkuu wa chuo wa wakati ule. Alifia mbali, kwenye mji wa baridi alikokuwa akiishi na binti yake, na sisi tulimlilia hapa hapa, uani mwa chuo, kwenye mabenchi ya darasani, na simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya maji ili tuone ibada ya kule. Tulikuwa walimu wanane. Wawili tu kati yetu walikuwa tayari walimu mwaka ule: mimi na Jérémie, mwalimu wa Kiingereza. Ibada ilipokwisha na watu wakaanza kula wali na maharage, mwalimu mmoja kijana akauliza kama ni kweli kwamba zamani kuna mtu aliyewahi kubandika tarehe za watu kuondoka. Jérémie akaniangalia kwanza, akatafuna, akameza. “Ni huyu,” akasema. “Aliniandikia mwaka moja. Mi ningali nangojea ile mwaka.” Watu walicheka sana, hata waliokuwa na macho mekundu, nami nikacheka nao, na nilipofika chumbani nikaona kwamba bado naona aibu, na kwamba aibu ile imenilea.

Mama Prefe hakuwa na jina jingine kwetu. Kule Bukavu, Kongo, alikuwa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, na cheo hicho kilimfuata Dzaleka kama kivuli, ingawa hapa alianza upya kwa kufundisha wanawake kusoma chini ya turubai. Alikuwa mfupi, alivaa kitenge na sweta ya kijani hata wakati wa joto, na alikuwa na bati la maziwa la zamani ambalo ndani yake alitunza chaki kana kwamba ni sukari. Chuo alikijenga yeye na wazazi wa wanafunzi: vyumba vitatu vya matofali, kimoja cha cherehani, kimoja cha lugha, kimoja changu chenye kompyuta tano kuukuu na betri ya sola. Tatizo letu lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Cheti chetu hakikuwa na thamani nje ya Dzaleka. Msichana alisoma miaka miwili, akapeleka cheti kwa fundi mkubwa wa Area 18, mjini Lilongwe, akaambiwa kwa upole kwamba hiyo ni karatasi ya kanisa. Sasa chuo kimoja cha Lilongwe kilikuwa kimekubali kufikiria kutuchukua chini ya mbawa zake, ili wanafunzi wetu wafanye mitihani yake na wapate cheti chake. Walitaka kitu kimoja kwanza: tuwaonyeshe jinsi tutakavyofundisha kwa miaka kumi ijayo. Tulikuwa na wiki tano. Wanafunzi arobaini na kitu walikuwa wanangoja jibu hilo bila kujua lina sura gani, na mimi ndiye niliyepewa kalamu.

Jumamosi ile Papa Asukulu, mwalimu wa ushonaji kutoka Fizi, alikuja kwangu na futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amengoja safari miaka kumi na mmoja. Mstari wake mimi niliufikisha mwaka wa nane, kwa sababu mwaka huo angetimiza sitini na nikaona ni vizuri apumzike. Hakupandisha sauti. Alisimama mlangoni, akashika mwimo kwa mkono mmoja, akasema, “We mutoto, mi nilikukosea nini? Bantu bote bananiangalia kama mufu. Bibi yangu iko analia tangu asubuhi. Mwaka wa nane?” Nilianza kumweleza kuhusu umri wa kustaafu. Aliniacha niongee mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaondoka. Kwa Jérémie mambo yalikuwa kinyume. Nilijua anataka kuoa na kuhamia kwa wakwe upande wa Mzuzu, kwa hiyo mstari wake niliukata mwaka wa kwanza. Majirani walimjia na pongezi tangu asubuhi, wakamwombea, wakamwimbia. Jioni alikuwa ameuza kitanda chake na godoro, kwani mtu wa mwaka mmoja abebe kitanda cha nini, na aliyekinunua, shemasi mmoja wa kanisa lao, alikataa katakata kukirudisha. Jérémie alilala kwenye mkeka msimu wote wa baridi, na baridi ya wilaya yetu ya Dowa mwezi wa saba haina mzaha.

Jumatatu walikuja kufundisha watu wawili, mimi na mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa mgonjwa Jumamosi na hakusikia lolote. Wengine walikaa nyumbani, baadhi kwa hasira, baadhi kwa hofu. Hofu yao niliielewa baadaye. Walisema ofisi ya wakimbizi ikiona jina lako kwenye mpango wa miaka kumi itajua umeamua kubaki, na faili lako litawekwa chini ya mengine. Hakuna ofisi iliyosema hivyo. Lakini mtu aliyengoja miaka kumi na mmoja hachezi na faili lake, na mimi niliyachezea mafaili ya watu sita kwa rula na wino mweusi.

Mama Prefe aliibandua karatasi mwenyewe, taratibu, pini moja moja, akaikunja, akaniambia nimfuate nyumbani. Nilijua ananifukuza. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja cha kukaa, sakafu iliyosiribwa kwa udongo na kung’arishwa, viti vitatu vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa alivyofuma, kalenda ya mwaka uliopita aliyoipenda kwa picha ya ziwa, na dirishani bati lile la chaki. Aliweka mezani bugali na sombe, yaani kisamvu, yenye dagaa. Sikuweza kuugusa. “Kula kwanza,” akasema. “Kosa yako itakungoja.” Nikala. Alinitazama nikila, na nilipomaliza akaikunjua karatasi mezani, akapitisha kiganja juu ya mistari yangu kama mtu anayepima kitambaa.

“Iko muzuri sana,” alisema. “Mustari iko sawa, hakuna hata doa moja. Mi sijaona mupango muzuri hivi tangu Bukavu. Lakini ndani yake we umeandika bantu. Mi nilikuomba uandike kazi.” Nilimwambia kwamba kazi hufanywa na watu. Akakubali. Akaniambia kwamba pale Bukavu, wakati wa vita, kulikuwa na asubuhi nyingi mwalimu hakuja, na hakuna aliyeuliza kwa nini, na kwamba yeye kama prefe alijifunza kutomwacha mwalimu yeyote peke yake darasani. Hapa Dzaleka watu hawapotei vile. Wanaitwa. Simu inalia Jumanne, Ijumaa mtu yuko kwenye gari na begi lake, na darasa lake linabaki na somo limekatika katikati ya sentensi. “Hapa bantu bote banaondoka,” alisema, “ao banangojea kuondoka. Ukimwandikia mutu miaka, unamufunga. Usimufunge. Andika kiti.” Aligeuza karatasi yangu, upande mweupe, akachukua penseli, na kwa mkono usionyooka akachora kila darasa na viti viwili: kimoja mbele ya ubao, kingine pembeni. Wa mbele anafundisha. Wa pembeni anasikiliza, anaandika, na anakuwa tayari kusimama. Wa mbele akiondoka, wa pembeni anasogea mbele, na siku hiyo hiyo anatafutwa wa pembeni mwingine. Hilo ndilo lililoandikwa mwaka wa kwanza, na hilo hilo mwaka wa kumi. Hakukuwa na majina. Kilikuwa kitu rahisi sana, na mimi nilikuwa nimetumia siku tisa.

Alikwenda nyumba kwa nyumba wiki ile, na mimi nyuma yake, ili nisikie. Kwa kila mwalimu alisema maneno yale yale: karatasi ilikuwa ya chuo tu, jina lako halimo tena, nichagulie mtu wa kukaa pembeni yako. Papa Asukulu alimsikiliza huku akitia uzi kwenye sindano, bila kunitazama mimi. Mwisho alisema, “Siku yangu ikifika, sitaki batoto babaki na shati bila mikono. Nitarudi kufundisha.” Kisha akanitazama. “Lakini huyu asikaribie tena ukuta.” Jérémie alikubali kwa sharti kwamba tumsaidie kumwomba shemasi kitanda. Tulimwomba. Shemasi alisema amekwisha kukizoea.

Ilikuwa zamu yangu kuchagua mtu wa pembeni, na mimi sikuchagua. Mama Prefe akanichagulia Mama Keza, mwanamke wa Bujumbura mwenye watoto wawili, aliyenizidi umri kwa miaka kumi au zaidi, aliyekuwa mwanafunzi wangu na aliyeandika kwa vidole viwili. Hapa lazima niseme ukweli wote. Sikutaka. Nilijifunza kompyuta peke yangu, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na vitabu visivyo na majalada, na daftari langu la masomo, ambalo sasa nilitakiwa kumpa yeye, lilikuwa ndicho kitu pekee duniani nilichokuwa nimekifanya bila msaada wa mtu. Kila asubuhi Mama Keza aliniuliza kwa heshima, “Mwarimu, daftari bado?” Kila asubuhi nilimjibu kwamba bado nalinakili kwa usafi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelinakili mara nne, kila nikipata doa naanza upya. Na ilikuwa uongo, kwa sababu nilijua kwamba siku nitakayompa, nitakuwa mtu anayeweza kuachwa. Yeye hakulalamika. Alikaa kwenye kile kiti cha pembeni, akaandika kila nililosema kwenye daftari la shule la mwanawe, nyuma ya mazoezi ya hesabu.

Alhamisi zilikuwa siku za chaki. Mama Prefe aliingia darasa lolote, saa yoyote, bila kubisha, akanyoosha mkono. Mwalimu alipaswa kumpa chaki palepale, hata katikati ya neno, na yeye akamkabidhi wa pembeni, na mwalimu akatoka nje asirudi mpaka kengele. Papa Asukulu aliifurahia, alikwenda kuvuta hewa na kutaniana na wauza nyanya. Mimi Alhamisi ya kwanza nilisimama dirishani. Mama Keza alipoandika neno vibaya ubaoni nilisahihisha kutokea nje, kwa sauti. Alipokosea tena nikaingia. Mama Prefe hakunigombeza mbele ya wanafunzi. Alinishika kiwiko, akanitembeza mpaka kwenye mfereji wa maji, tukasimama nyuma ya foleni ya ndoo za watu. “We unafikiri banakuja juu yako,” alisema. “Banakuja juu ya kompyuta.” Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilianza kunakili daftari kwa mara ya tano.

Wiki ya tano tulikwenda Lilongwe na mpango, kurasa ishirini, umepigwa chapa na kufungwa kwa waya kwenye kiduka cha Old Town kilicho kati ya muuza vitambaa na muuza baiskeli. Bwana, au bambo kama wasemavyo hapa, aliyetupokea kwenye kile chuo alikuwa mtu makini, mwenye miwani na suti iliyopauka mabegani. Alifungua, akafunua, akauliza kwa Kiingereza majina ya walimu yako wapi. Mama Prefe akamjibu, kwa Kiingereza chake chenye lafudhi nzito ya Kifaransa, kwamba majina ya mwaka huu anayo mfukoni, na ya miaka mingine hayajui yeye wala yeyote aliye chumbani mle. Bambo yule akafunga kurasa. Akasema kwamba chuo chake chenyewe kimepoteza walimu watatu tangu mwaka uanze, na hakuna aliyekuwa pembeni yao. Lakini karatasi hukubali kila kitu, akasema. Angekuja kuona mwenyewe, siku asiyoitaja. Mama Prefe akamwambia zikomo, yaani asante, kwa magoti yaliyopinda kidogo, kama wanawake wa hapa, na tulipotoka nje alicheka peke yake barabarani. Mimi sikucheka. Ndani ya kile chumba nilikuwa nimeona kwamba kwenye ukurasa wa kumi na nne safu moja ilikuwa imesogea, na mwaka wa nne ulikuwa umekaa chini ya mwaka wa tano.

Sikuweza kula kwa sababu ya ukurasa ule. Naandika hivi bila kutia chumvi. Jumatano iliyofuata niliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikarudi Old Town, nikakaa kwenye kile kiduka tangu asubuhi, umeme ukaenda, nikazunguka soko la Tsoka kati ya magunia ya maharage na ndoo za usipa, dagaa wa ziwani, nikingoja urudi, ukarudi, nikasahihisha safu, nikachapa nakala tano mpya. Nilishuka barabara kuu saa kumi jioni, nikapanda kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka chuoni, nakala zimefungwa kwa mfuko wa plastiki na kukumbatiwa kifuani wakati dereva akikwepa mashimo. Papa Asukulu alikuwa amekaa kizingitini anakula mhogo wa kuchemsha. “Mugeni alikuja,” akasema. “Aliuliza kwanza darasa yako.”

Nilimwuliza nani alifundisha, ingawa nilijua, na alinieleza akitafuna, bila haraka, nadhani kwa makusudi. Betri ya sola ilikuwa imekufa tangu saa tatu. Mimi ningewarudisha wanafunzi nyumbani. Niliwahi kufanya hivyo mara nyingi, kwa kuwa somo la kompyuta bila kompyuta lilikuwa aibu kwangu. Mama Keza aliwatoa uani. Somo lilikuwa kupanga jedwali, na kosa ambalo kila anayejifunza hulifanya: anapanga safu ya majina peke yake, alama zinabaki zilipokuwa, na kila mtu anapata alama za mwenzake. Aliwapanga wanafunzi kwenye mstari, akamwekea kila mmoja mguuni karatasi ya alama zake, akawaambia wajipange kwa herufi za majina. Wakajipanga. Karatasi zikabaki chini. Mvulana mmoja mvivu akajikuta amesimama kwenye alama tisini, na yule aliyekuwa wa kwanza akaangalia chini akakuta kumi na mbili, akaanza kulalamika kwa Kirundi, na uani kote kukawa kicheko. Kisha akawaambia wabebe karatasi zao na kujipanga tena. Bambo wa Lilongwe alikuwa amesimama kando na Mama Prefe. Aliuliza mwalimu mwenyewe yuko wapi. Mama Prefe akamwonyesha Mama Keza kwa kidole. Akasema, “Mwalimu ni yule.” Mgeni alikaa darasa zima, akaingia kwa Papa Asukulu, akaomba chaki mwenyewe, akampa wa pembeni, kwani ile desturi alikuwa ameisoma kwenye mpango wetu. Kabla ya kupanda gari alisema tumwandikie orodha ya wanafunzi watakaofanya mtihani mwezi wa kumi na moja.

Miaka miwili nilimfundisha Mama Keza, na sikuwahi kufikiria kufundishia uani. Nilikaa kwenye benchi na nakala zangu tano. Mama Prefe alikuja, akachukua moja, akauliza nimesahihisha nini, nikamwonyesha ile safu. Aliitazama kwa muda, karibu na macho, kwa kuwa alikuwa ameanza kuona vibaya. “Kweli,” akasema, “sasa iko sawa.” Hakunicheka. Alinishukuru, akaziweka, na wiki moja baadaye niliingia chumba cha cherehani nikakuta ukurasa wa kumi na nne umekatwa kuwa kola ya shati. Papa Asukulu alisema karatasi ile ilikuwa ngumu kidogo, nzuri kwa mfano. Jioni hiyo nilimpelekea Mama Keza daftari nyumbani kwake. Alikuwa anachambua mchele. Alifuta mikono, akalipokea kwa mikono yote miwili, akafungua ukurasa wa kwanza, akasema mwandiko wangu ni mzuri, na mtoto wake mdogo akaweka kidole chenye mafuta juu yake. Nililiacha mikononi mwake.

Papa Asukulu aliitwa kusafiri kabla mwaka haujaisha, miaka saba mapema kuliko mstari wangu. Wa pembeni yake alisogea mbele Jumatatu, na mashati ya muhula ule yalikuwa na mikono. Mama Prefe aliitwa mwaka uliofuata. Kwenye kilio, binti yake alituambia kwa ile simu iliyoegemezwa kwenye chupa kwamba huko kwenye baridi mama yake alikuwa akifundisha Kifaransa kanisani, watu sita tu, na kwamba Jumamosi baada ya kifo chake darasa lilikuwepo kama kawaida. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikaa pembeni. Binti alishangaa. Sisi uani tuliangaliana, na Jérémie akainamisha kichwa.

Leo Mama Keza ndiye mkuu wa chuo, na cheti chetu kinapokelewa na yule fundi wa Area 18. Mimi ningali nafundisha kompyuta, na faili langu lingali linangoja. Tangu mwaka ule sijafundisha darasa lolote nikiwa peke yangu. Daftari langu lina madoa, na halikai kwangu.